Mahojiano ya runinga ya Padre Georges Lemaître ya 1964: nimeyaangalia, haya hapa maoni yangu

Jamani kama kuna mtu anapenda habari za anga na bado hajaangalia yale mahojiano ya Padre Lemaître yaliyopatikana kule Ubelgiji, naomba atenge nusu saa tu. Ni bure kabisa, yamewekwa mtandaoni na VRT ambalo ni shirika la utangazaji la umma la Flanders, yaani upande wa Ubelgiji unaoongea Kiholanzi, picha ni ya nyeusi na nyeupe, urefu ni kama dakika 20, na anayeongea humo ndani ndiye mtu aliyeleta kwenye fizikia wazo kwamba ulimwengu wote huu ulianzia kwenye kitu kimoja kidogo sana. Mimi nayapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyokata ntaieleza huko chini maana haina uhusiano na padre mwenyewe.

Kwanza kwa wasiomjua niwaweke sawa haraka haraka. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi tarehe 17 Julai 1894, akaanza kusomea uinjinia chuo kikuu cha Leuven, alafu vita ya kwanza ya dunia ikamkuta hapo hapo, akajitolea jeshini Agosti 1914 na akaja kumalizia kwenye kikosi cha mizinga akiwa na nishani ya msalaba wa vita. Aliporudi akaachana na uinjinia akageukia hesabu na fizikia, udaktari akaupata 1920, mwaka huohuo akaingia seminari kule Mechelen na tarehe 22 Septemba 1923 akapewa upadre na Kardinali Mercier. Baada ya hapo moja kwa moja Cambridge, Uingereza, kusoma kwa mwanaastronomia Eddington, kutoka Cambridge akaenda Harvard, Marekani, kwa mwanaastronomia mwingine Shapley, 1925 karudi Leuven kufundisha na hapo ndo akakaa maisha yake yote. Kwahiyo upadre na sayansi alivianza pamoja akiwa kijana na akaenda navyo pamoja mpaka mwisho, hili likumbuke ukiwa unaangalia kwasababu ndo moyo wa mahojiano yenyewe.

Sasa stori ya huu mkanda ulivyopotea inaumiza halafu inafurahisha. Mahojiano yalirushwa Februari 1964 na kituo ambacho enzi hizo kilikuwa kinaitwa BRT, baba yake VRT ya leo, na kwa miaka mingi watu wote waliamini kilichobaki ni kipande kifupi tu. Kumbe filamu nzima ilikuwepo maktaba muda wote, ila iliwekwa kwenye fungu lisilo lake na jina la Lemaître lilikuwa limekosewa, basi kila aliyetafuta kwa jina hakuona kitu. Mpaka mfanyakazi mmoja wa maktaba alipokuwa anapitisha mikanda ya zamani kwenye mashine akamtambua kwa sura. Kwa sura! Herufi zimeandikwa vibaya na karibu miaka 60 inapita bila mtu kumsikia akieleza nadharia yake mwenyewe kwa mdomo wake. Waliyaweka wazi tarehe 31 Desemba 2022. Kwa kazi hiyo VRT wanastahili shukrani kubwa, na zaidi kwa kuyatoa bila malipo maana wangeweza kabisa kuyafungia.

Haya, tuje kwenye chenyewe. Mzee ana miaka 69, miwani usoni, kola nyeupe ya kipadre shingoni, anaongea Kifaransa na chini zinapita sabtaito za Kiholanzi kwasababu kituo ni cha Waflanders. Hakuna muziki wala michoro ya galaksi zinazozunguka, hakuna madoido yoyote, ni mtangazaji anauliza na padre anajibu. Kama umezoea makala za anga za siku hizi zenye mtu anasimulia kwa sauti nzito huku nyota zinapasuka, mwanzoni utaona kama pamepoa. Vumilia. Huyu alifundisha darasani kwa miaka mingi na inaonekana, anaanza na swali lenyewe, anakupa upande wa wapinzani wake, ndipo anakuja na wa kwake.

Na wapinzani ndo sehemu niliyoipenda kupita zote. Kumbuka ni 1964, mambo bado hayajaamuliwa. Upande mmoja kuna Lemaître na atomu yake ya mwanzo, yaani kile kitu kimoja kidogo ambacho ulimwengu ulianzia, upande wa pili kuna mwanaastronomia Fred Hoyle wa Uingereza ambaye tangu 1948, pamoja na wanasayansi wenzake Bondi na Gold, alikuwa anasema ulimwengu hauna mwanzo wala mwisho, uko vilevile siku zote. Ila hata Hoyle alikubali kwamba galaksi zinaachana, sasa zikiachana si pengo linaongezeka? Jibu lake ni kwamba haidrojeni mpya inazaliwa kidogo kidogo katikati ya hayo mapengo, inajaza nafasi, baadae inatengeneza galaksi mpya, na ukiangalia kwa jumla hakuna kilichobadilika. Lemaître anaieleza nadharia hii kwa haki kabisa, unaisikia kama vile anaitetea, alafu ndo anaonyesha inapomkwamia: haidrojeni itokee tu bila kutoka popote, na ile kanuni kwamba nishati haizaliwi wala haipotei tuipeleke wapi? Kwake hiyo ni moja ya nguzo za fizikia na haoni sababu ya kuibomoa ili kukwepa mwanzo. Hamna matusi wala kejeli hata chembe, na huyu Hoyle ndiye aliyelitoa lile jina la Mlipuko Mkubwa (Big Bang), ambalo ndo nadharia ya Lemaître inaitwa leo, kwenye redio ya BBC mwaka 1949, wakati anaipinga nadharia yenyewe.

Halafu anaeleza ya kwake. Hapa nawashauri msikimbize. Wengi tumejaziwa kichwani picha ya bomu linapasuka gizani, na vipande vinarukia kwenye nafasi iliyokuwepo tayari. Lemaître hasemi hivyo. Anachosema ni kwamba nafasi yenyewe ndo inatanuka, na ukirudi nyuma maada yote inakuwa kama atomu moja ambayo ikagawanyika, ikagawanyika tena, mpaka nafasi inayotanuka ikajaa mionzi yenye nguvu kali inayokimbia kila upande. Wazo hili alishalitoa kwenye barua fupi sana katika jarida la Nature tarehe 9 Mei 1931, na mantiki yake mimi bado inanisisimua kila nikiifikiria: katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa, nishati inakuja kwa vipande, na kadri muda unavyokwenda vipande vinaongezeka idadi, basi geuza muda urudi nyuma, vipande vinapungua, vinapungua, mpaka unabaki na kimoja au vichache tu. Na vikibaki vichache hivyo, maneno kama nafasi na muda hayana tena cha kupima, yanaanza kuwa na maana pale tu kile kipande cha mwanzo kinapogawanyika. Kwahiyo swali la kabla ya hapo kulikuwa na nini linakosa pa kusimama. Kwenye maandishi yake mengine aliufananisha ulimwengu wa leo na fashifashi zilizokwisha kuwaka, tumesimama juu ya kaa lililopoa tunaangalia majua yanafifia taratibu huku tunajaribu kukumbuka mwanga wa mwanzo uliopotea. Mtu wa hesabu anaandika hivi!

Kuna sehemu anaongelea mionzi ya kosmiki, yale machembe yenye kasi kubwa yanayoipiga dunia kutoka angani, na anaitegemea sana kama masalia ya ule mgawanyiko wa kwanza. Hapa ujue kabisa kwamba sayansi ya baadae haikuwa upande wake, leo inaeleweka kwamba sehemu kubwa ya mionzi hiyo inahusishwa na nyota zinazolipuka ndani ya galaksi yetu. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Alichokuwa anatafuta, yaani mabaki ya mwanzo ambayo bado yanazunguka angani, yalikuwepo kweli! Mahojiano yanarushwa Februari 1964, na mwaka huohuo wanasayansi Penzias na Wilson kule New Jersey, Marekani, wanaanza kusumbuliwa na mlio kwenye antena yao usioisha hata waielekeze wapi, na 1965 inatangazwa kwamba ule mlio ni mionzi ya maikrowevu iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na moto. Kwahiyo unamwangalia mtu anatetea nadharia yake kwa hoja tupu, ushahidi mkubwa kuliko wote uko mlangoni na yeye hajui. Habari ilimfikia akiwa mgonjwa hospitalini, akaletewa na Odon Godart aliyekuwa msaidizi wake, na tarehe 20 Juni 1966 akafariki. Nilipoyaangalia mara ya pili nikiwa nalijua hili, kile kipande cha mionzi kilinibana kifua kweli kweli.

Sasa dini, maana najua wengi mtaingia kwa ajili hiyo. Mtangazaji anamgusa hapo, na padre anajibu bila kuzunguka kwamba haitetei atomu ya mwanzo kwa sababu yoyote ya kidini iliyojificha nyuma. Mwanzo anaouongelea ni wa kifizikia, mahali ambapo hesabu zinafika na kusimama, na Mungu kwake sio kifaa cha kuzibia tundu kwenye mlinganyo. Hapa wale wanaokata vipande vya mahojiano na kuvisambaza wanamtendea vibaya sana huyu mzee, na wanafanya hivyo pande zote mbili. Mmoja anakata sekunde kadhaa anaandika juu yake padre athibitisha uumbaji, mwingine anakata sekunde nyingine anaandika padre aikana Biblia, na wote hawajamsikiliza. Angalia yote ndo uongee.

Na hakuanza msimamo huo kwenye runinga. Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi na akaisogeza nadharia hii karibu kabisa na lile neno la kitabu cha Mwanzo kwenye Biblia kwamba iwe nuru. Kwa kasisi mwingine hiyo ingekuwa siku ya sherehe, Papa anaisifia kazi yako! Lemaître hakufurahi. Aliona ni hatari kuifunga imani kwenye nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa, tena wakati wapinzani kina Hoyle walikuwa tayari wanaishuku kwamba ni dini iliyovalishwa hesabu. Mwaka uliofuata wanaastronomia wa dunia walikutana Roma, Papa akaongea nao tena na safari hii ule ulinganisho haukurudi. Na kwenye mkutano wa Solvay wa 1958, mkutano wa wanafizikia wakubwa, alisema wazi kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini, asiyeamini anabaki huru na anayeamini naye hana sababu ya kuitumia kumkaribia Mungu kwa nguvu. Na wakati huo alikuwa mjumbe wa hicho chuo cha kipapa tangu 1936, na miaka miwili baada ya huo mkutano, 1960, akawa rais wake. Aliweza kuwa ndani ya Kanisa kabisa na bado akaiambia sayansi isitumwe kazi isiyo yake.

Haya tuje kwenye nyota niliyoikata. Dakika 20 ni kidogo mno na mtangazaji anaiacha hazina kubwa mezani: mwaka 1927. Mimi ningekuwa kwenye kile kiti ningeanzia hapo. Mwaka huo Lemaître alichapisha makala kwa Kifaransa kwenye jarida la Jumuiya ya Sayansi ya Brussels, jarida ambalo nje ya Ubelgiji wachache walilisoma, na ndani yake alichukua milinganyo ya Einstein akaonyesha ulimwengu unatanuka, alafu hakuishia kwenye karatasi, akachukua kasi na umbali wa galaksi 42 zilizokuwa zimeshapimwa akapiga hesabu ya kasi ya kutanuka. Akapata kama kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na megaparseki moja ni kama miaka ya nuru milioni 3.26. Leo tunaongelea 70 hivi, ila kosa halikuwa kwenye akili yake, ni umbali wa galaksi ulikuwa unapimwa mfupi sana zama zile, hata mwanaastronomia wa Marekani Edwin Hubble alipokuja 1929 alipata karibu 500. Yaani padre alikuwa na hiyo namba miaka miwili kabla ya Hubble!

Oktoba mwaka huohuo wa 1927 akakutana na Einstein Brussels kwenye mkutano wa Solvay. Einstein akamwambia hesabu zako ziko sawa lakini fizikia yako ni ya kuchukiza, na akamwambia pia kwamba kuna Mrusi anaitwa Friedmann alishafika kwenye milinganyo ya aina hiyo mwaka 1922, kitu ambacho Lemaître hakukijua. Hebu fikiria una miaka 33 na Einstein anakwambia hivyo usoni. Hakukata tamaa wala hakugombana, akasubiri, na 1930 alipoona Eddington analihangaikia swali lilelile akamkumbusha kwa barua kwamba nilishakutumia makala, na Eddington akaanza kuitangaza kwa nguvu.

Halafu kuna lile la tafsiri. Makala ilipotolewa kwa Kiingereza Machi 1931 kwenye jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia, sehemu ya hesabu ya kasi ya kutanuka haikuwemo! Kwa miaka watu walishuku kuna mkono wa mtu aliyetaka kumlinda Hubble, mpaka 2011 mwanasayansi wa anga Mario Livio alipoonyesha barua kwamba aliyetafsiri na kukata ni Lemaître mwenyewe, aliona namba zile zimeshapitwa na vipimo vipya na hakuna haja ya kuzirudia. Hakupigania jina lake hata kidogo. Ilibidi wenzake wampiganie baada ya yeye kuondoka, Oktoba 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukapiga kura na 78% wakakubali ile kanuni ya Hubble, yaani kwamba galaksi ikiwa mbali zaidi inakimbia kwa kasi zaidi, iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Sasa hebu niambie, mtu wa namna hii unamweka mbele ya kamera na humuulizi lolote kuhusu 1927? Hapo ndo nyota yangu ilipoenda.

Jambo la lugha nalo niliseme maana litawakwaza wengi. Kama hujui Kifaransa wala Kiholanzi, usitegemee zile sabtaito zinazojitengeneza zenyewe, mimi nilijaribu nikakuta maneno ya fizikia yanageuka vitu vya ajabu na sentensi zake ndefu zinakatwa katikati. Dawa ipo. Januari 2023 watafiti watatu walitoa maandishi yote ya mahojiano kwa Kifaransa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yapo bure kwenye arXiv, hifadhi ya makala za kisayansi mtandaoni, na mmoja wa hao watatu ni Jean-Baptiste Kikwaya Eluo, Mjesuiti (mtawa wa Shirika la Yesu) kutoka Kongo ambaye ni mwanaastronomia wa kituo cha anga cha Vatikani. Wenzake ni Satya Gontcho A Gontcho na Paul Gabor, huyo wa mwisho naye Mjesuiti. Kwangu hii imekaa vizuri mno, padre mwanasayansi wa Ubelgiji sauti yake inafikishwa kwa ulimwengu na padre mwanasayansi wa Kongo, na kazi yao ni safi, inasomeka, hawajampambapamba mzee wala kumnyoosha. Wamemwacha anavyoongea, na pale anapoanza sentensi akabadilisha njia unaona.

Kwa walimu wa fizikia wa sekondari, hii itumieni darasani, hasa ile sehemu ya Hoyle, waulizeni wanafunzi mwaka 1964 wangekuwa upande gani na kwanini, bila kuwaambia nani alikuja kushinda. Kwa wanaofundisha dini pia, ila chonde chonde chezesheni yote sio kipande. Asiyejua kabisa habari za galaksi na kutanuka ataona kizunguzungu dakika za mwanzo, ni bora asome kidogo kwanza kuhusu Friedmann, Hubble na huyu Hoyle alafu ndo aje.

Namna ya kuangalia: pakua kwanza yale maandishi ya arXiv uyasome mpaka mwisho, yanasomeka kwa kikao kimoja, halafu fungua video na maandishi yakiwa pembeni. Sauti ni ya kizamani ila inasikika, vaa hedifoni. Na kama kuna anayekijua Kifaransa vizuri na ana muda, sabtaito za Kiswahili bado sijaziona popote, mimi nipo tayari kusaidia kwenye upande wa maneno ya fizikia.